Kijiti Chenye Dini

Akili ni nywele, kila mutu ana zake, na bwana yangu Idrissa zake zilianza kumuanguka zamani. Nasema hivi akiwa anasikia. Ameketi pale kwenye kiti chake cha plastiki, anajifanya anasoma. Soma, papa, soma. Mimi nasimulia.

Sisi ni watu wa Kasongo, kule Maniema. Tulikuja Kisangani wakati Idrissa alipopewa kazi ya serikali, tukanunua kiwanja, parcelle yetu hapa commune ya Tshopo, tukabaki. Wakati ule Kiswahili yangu ilikuwa safi. Hii unayosikia sasa niliiokota sokoni pamoja na pondu, majani ya muhogo. Nyuma ya nyumba niko na bustani: matuta ya matembele, ngai-ngai kidogo ya majani machachu, biringanya, na karibu na ukuta kituta kimoja cha lenga-lenga nyekundu, ile mboga ya muchicha.

Hiyo nyekundu siuzi. Mbegu yake mama yangu alinipa siku nilipoolewa, imefungwa katika kifundo cha kitenge, na yeye alipewa na mama yake vilevile. Kwetu binti hatoki nyumbani bila mbegu. Sahani atapewa na mashangazi, masufuria atapewa na marafiki, lakini mbegu anapewa na mama. Anaenda kuipanda kwake, na siku akikumbuka kwao, anachuma na kupika. Mama yangu amezikwa Kasongo na kaburi lake sijaliona mpaka leo. Nilichobaki nacho cha kwake ni lenga-lenga.

Sasa unyevu wa Kisangani hauna huruma, mbegu haikai. Kila mwaka lazima uipande ili upate nyingine. Desemba nilimwaga kitutani yote niliyokuwa nayo, sikubakiza hata punje, kwa sababu binti yetu Kadidja alikuwa aolewe kabla ya mufungo wa Ramazani na nilitaka kifundo chake kijae. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka katika harusi nzima. Mengine wangefanya watakavyo.

Muchumba wake anaitwa Assani. Mutoto muzuri, simukosoi bure: anaswali, ana heshima, amesoma mambo ya mashini mpaka wakamuita ingénieur. Ubaya wake ni mumoja, kila kitu anataka kukiingiza katika telefone. Na mimi siwezi kumuambia kitu. Kwetu mukwe na mama-mukwe hawaangaliani machoni wala hawazungumzi uso kwa uso. Yeye hapiti nyuma ya nyumba ninapopika, mimi sikanyagi saluni, chumba cha wageni, akiwa ameketi pale. Nikiwa na neno naye, natuma mutu. Nikimukasirikia, naambia kuku.

Niko na kuku mumoja, shingo tupu, mweusi. Kuku huyo amesikia maneno mengi yasiyomuhusu.

Bon. Ijumaa moja nilikuwa sokoni. Kurudi, nakuta tanki kubwa la plastiki limekaa juu ya mbao, mipira myembamba yenye matundu imelala katika bustani yangu kama minyoo, na paneli ya jua iko juu ya paa. Pembeni ya ukuta, kichwani mwa kituta cha lenga-lenga nyekundu, karibu na jiwe pana la Idrissa, wamechomeka kijiti cha chuma chenye kofia ya plastiki. Assani na rafiki yake walikuja wakati sipo, kwa heshima, wakafunga kila kitu, wakaondoka. Zawadi ya mukwe.

"Mama, kile kijiti iko naonja udongo," Kadidja akanieleza, macho yanamung'aa. "Kama udongo iko na kiu, kijiti inaambia robine ya maji ifunguke yenyewe. Kama udongo imeshiba, inafunga. Maji haipotee. Na yote iko naonekana katika telefone, ya papa na ya Assani."

"Na walikichomeka pale kwa nini?"

"Assani alisema pale telefone inashika vizuri."

Kuonja udongo! Mimi nachimba udongo huu tangu Kadidja yuko mugongoni, leo chuma kije kinionjee. Lakini nitasema kweli, sitaki dhambi: maji ni shida kwetu. Muji una mito miwili, usiku unasikia maji ya muto Tshopo yakinguruma kule barrage ya umeme, halafu unafungua robine inakutolea upepo. Kubeba maji kwa bidon kumenivunja shingo. Kama kitu kinaweza kulinda maji, mimi si adui yake. Nilimuambia tu kuku kwamba tutaona.

Idrissa ndiye aliyepata wazimu. Mutu aliyekuwa hajui hata kufuta ujumbe, sasa anatembea na telefone mukononi kama mujamzito anayeshika tumbo. Asubuhi hasalimii mutu kabla hajaangalia bustani, na bustani yenyewe iko hatua chache kutoka kitanda chake! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu macho yake aliyahamishia katika kioo. "Alhamdulillahi," anasema, "iko kijani. Udongo imeshiba." Siku moja nikachukua bidon ninyunyizie matembele, akaja mbio na kandambili moja.

"Mama Kadidja, acha! Ukimwaga na mukono, Assani ataona katika telefone yake. Atasema hatukumuamini. Zawadi ya mukwe unaisahihisha?"

"Matembele yanataka maji, Idrissa."

"Nani kakuambia?"

"Matembele."

"Mashini haisemi hivyo."

Nikaweka bidon chini. Si kwa sababu ya mashini. Binti yangu alikuwa bado hajaolewa, na aibu ya mukwe ni moto, ukiwasha hujui utaunguza nyumba ya nani.

Kisha akaja na jambo kubwa zaidi. Alasiri moja ananiita, sauti imeshuka chini kama mutu anayetaja siri ya mbinguni. Katika telefone kulikuwa na mustari unaopanda na kushuka.

"Angalia. Udongo iko inapata maji mara tano kwa siku. Hesabu na wewe. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Saa zilezile za swala! Mama Kadidja, hii kitu iko na dini."

"Chuma kina dini?"

"Usicheke mambo ya Mungu."

Wallahi, aliyasema hata musikitini. Siku ya pili wakaja wazee wawili kukiona kijiti. Wamesimama pale mbele ya lenga-lenga yangu, mikono nyuma, wanatikisa vichwa. Mumoja akakigusa, akajipangusa uso. Nilikuwa napepeta mchele, nikainama mpaka paji la uso likagusa ungo ili wasione mudomo wangu.

Katikati ya Januari shangazi yangu akafa kule Yanonge. Lazima niende kwenye matanga. Lenga-lenga nyekundu ilikuwa imeanza kutoa vishada vya maua, bado vichanga, mbegu haijakaza. Na mvula ilikuwa imetugeuzia mugongo, jua linawaka mpaka muchanga unachoma nyayo. Kabla ya kuteremka mutoni kupanda boti nilimushika Idrissa mukono.

"Matembele yakifa, yafe. Biringanya ife. Lakini ile nyekundu ni ya Kadidja, na sina mbegu nyingine. Ukiona jani limelala, chukua bidon. Nimekuomba."

Akanipigapiga mukono kama anayebembeleza mutoto. "Nenda ulie shangazi yako na moyo mweupe," akasema. "Mashini iko nafanya kazi."

Nikaenda. Kule tulilia, tukapika, tukalala chini kwenye mikeka. Kila Idrissa alipopiga simu nilimuuliza lenga-lenga, kila mara alijibu iko kijani. Mimi mujinga nikafikiri anasema lenga-lenga. Alikuwa anasema rangi ya telefone.

Nilirudi muchana. Sikupitia hata mulango wa mbele, nilizunguka nyuma na mufuko wangu wa samaki mukononi. Matembele yalikuwa yamekuwa kamba. Biringanya imesimama imekauka kama fimbo. Na kituta cha lenga-lenga nyekundu, chote, kimelala. Nilishika kishada kimoja, kikavunjika mukononi mwangu, ndani hamna kitu, makapi tu. Juu ya vile vyote tanki lilikuwa limejaa maji pomoni. Nililigonga, likaitika kwa sauti nzito.

Upande wa pili wa ukuta, ngai-ngai ya jirani yangu Mama Solange ilikuwa imenawiri, na yeye humwagia maji ya kuoshea vyombo. Alichungulia.

"Pole, mama. Niliona iko nakauka, nikamuita papa. Akaniambia nisiingilie, mashini inajua."

Idrissa akatoka na telefone ameitanguliza mbele kama kibali cha serikali. Nikasoma kwa macho yangu. Kulikuwa na jani la kijani limechorwa vizuri, na maneno: *Hongera! Bustani yako ina afya. Umeokoa maji mengi mwezi huu.*

"Ni kweli," nikasema. "Umeyaokoa. Hakuna hata tone lililopotea. Wafu hawanywi."

"Labda ni ugonjwa," akasema. "Mashini haiwezi kudanganya."

Kadidja alikuwa amesimama mulangoni, analia bila sauti. "Niliona, mama. Niliona tangu wiki ya kwanza. Lakini ningemuambia Assani nini? Kwamba zawadi yake iko naua bustani ya mama? Nikasema labda kesho itafungua."

Hapo nikaketi chini katika muchanga, na samaki wangu, nikalia. Shangazi yangu sikumulilia vile. Mama yangu alivusha ile mbegu katika vita na katika njaa, akaifungia katika kitenge chake kizuri kuliko vyote, na mimi nimeiua kwa heshima.

Ikaadhiniwa alasiri. Idrissa akakohoa, akachukua birika lake, akaenda kwenye jiwe lake pana pembeni ya ukuta kutawadha, kama anavyofanya tangu tununue parcelle hii. Akavua kandambili. Akanawa mikono, akasukutua, akanawa uso, akapangusa kichwa, kazi ndogo siku hizi. Akaosha muguu wa kulia. Akaosha wa kushoto. Maji yakateremka kwenye jiwe, yakafuata kijifereji yalichojichimbia kwa miaka yote hiyo, yakaenda kuishia kwenye kijiti.

Telefone ikalia mufukoni mwake. *Ting.*

"Unasikia?" akasema, uso umemung'aa. "Hata na msiba huu, yenyewe iko naitika swala."

Nikaacha kulia.

"Idrissa. Mwaga maji tena."

"Nimekwisha kutawadha."

"Mwaga tena!"

Akamwaga. Tukangoja kidogo. *Ting.* Akanitazama, akatazama telefone, akatazama jiwe. Akamwaga mara ya tatu bila kuambiwa, polepole. *Ting.*

"Papa," nikamuambia, "chuma hakina dini. Ni wewe unakioshea miguu mara tano kwa siku, nacho kinakwenda kuambia robine kwamba bustani nzima imeshiba."

Kadidja akaziba mudomo kwa mikono miwili. Idrissa akaketi juu ya jiwe, miguu yake bado inatiririka. Na kusema kweli Assani angejua wapi? Yeye ni mugeni, tena mukwe. Anatawadha mbele ya nyumba na birika la wageni. Hajawahi kumuona baba-mukwe wake miguu wazi, na hakuna mutu angemuonyesha. Aliona jiwe, akadhani ni jiwe. Lakini huyu mwenye miguu yake! Huyu aliyeona saa za swala zake mwenyewe katika telefone, akaita wazee waje kushuhudia muujiza!

Nilikuwa nafungua mudomo nimupe yote niliyoyabeba kutoka Yanonge, nikamuona kuku. Kuku shingo tupu alikuwa ananyemelea nyuma ya jiwe, shingo imenyooka. Nikatazama anapotazama. Katika ufa, kati ya jiwe na ukuta, palikuwa na shina moja la lenga-lenga nyekundu, fupi, limepinda, limebanwa. Na kishada chake kilikuwa bado kibichi.

Nilimutupia kuku kandambili, samaki, kila kilichokuwa karibu.

Bon. Assani alikuja Jumapili, akaketi saluni. Idrissa alikuwa ameapa kwamba atamueleza yeye, mwanaume kwa mwanaume. Nikamusikia kupitia dirisha: anauliza habari za kazi, anauliza habari za mashindano ya mupira, anauliza bei ya simenti. Alipofika kwenye habari za hali ya hewa ya Goma, nikachoka. Nikamushika kuku, nikamuweka mbele yangu karibu na dirisha.

"Kuku!" nikasema, sauti ambayo Mama Solange aliisikia ndani ya nyumba yake. "Wewe kuku umesoma sana, eh? Unaingia katika bustani ya mutu, unachomeka mudomo wako kwenye jiwe la udhu la papa, huulizi jiwe ni la nani, huulizi maji yanapita wapi! Kisha unakwenda kukaa kwako mbali, unaangalia bustani katika telefone! Mbegu ya mama yangu imekauka, kuku! Mbegu ya harusi! Limebaki shina moja, na hilo halikunyweshwa na mashini yako, limenyweshwa na miguu ya Idrissa!"

Nikasikia kiti kikisogea. Kisha nikasikia hatua zinazunguka nyumba, nikageuka haraka na kujifunika uso kwa kitenge. Assani alitokea kwenye kona. Alikuwa anatembea kinyumenyume, mugongo kwangu, ili asinione, na karibu aanguke kwenye mukungu wa ndizi. Akasimama.

"Kuku," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kuku, mama yangu. Nimekosa. Sikuuliza. Niliogopa kuingia nyuma ya nyumba, nikafikiri telefone itaniangalilia. Mbegu sikujua. Kuku, unisamehe."

Kuku hakujibu, hana adabu. Ilibidi nijibu mimi.

"Kuku," nikasema, "muambie huyo mutu bidon iko pale karibu na jiko."

Tangu siku ile alikuja kila jioni baada ya kazi. Anaingia kinyumenyume, anatafuta bidon kwa kupapasa, anakwenda mpaka kwenye jiwe, anamwagia lile shina, anatoka. Kijiti alikwisha kukichomoa, na siku alipokichomoa telefone ya Idrissa ililia usiku kucha kwamba bustani iko hatarini. Idrissa alitaka kuamka aende kuona. Nikamuambia alale.

Kishada kikaiva siku chache kabla ya harusi. Nilikikata mwenyewe, nikakikausha juu ya sahani ndani ya chumba, mulango umefungwa, kuku nje. Nikapukuta. Mama yangu alinipa kifundo cha kujaza ngumi. Hiki cha Kadidja kilikuwa kidogo, ukikibana kwa vidole viwili vidole vinagusana. Siku ya kumutoa, mashangazi wakitazama, nilikiweka mukononi mwake. Akakibonyeza.

"Mama, iko kweli na kitu ndani?"

"Iko. Bonyeza vizuri."

Akabonyeza vizuri. Nikaona amezipata zile punje kwa kidole, maana alikifumbata kifuani, na mimi nikaangalia upande mwingine.

Sasa wanakaa mutaa wa Simi-Simi. Juzi Kadidja amenipigia simu, amesema Assani anauliza kwa heshima kama anaweza kuweka kile kijiti katika bustani yao, amekirekebisha. Nimejibu: ajiulize kwanza yeye mwenyewe anatawadhia wapi. Nikamusikia Assani anacheka nyuma, kisha akaziba mudomo.

Zile punje zote nilimupa Kadidja. Ungeniuliza kwa nini sikubakiza punje mbili tatu, ningekuambia mbegu haigawanywi siku ya kumutoa binti, ni mukosi. Kwangu kituta chekundu kiko tupu. Nimepanda matembele kando, yameshika, namwagia kwa bidon asubuhi. Ile nafasi ya mama yangu sijapanda kitu.

Na huyu Idrissa hapa mwenye kitabu? Tangu siku ya harusi anatawadha kwa birika mbili. Moja ya udhu, ya pili anaimwaga yote katika ule ufa nyuma ya jiwe, polepole, akidhani simuoni. Yeye aliyenikataza nisipoteze hata kikombe! Nimemuambia, papa, dini inakataza kumwaga maji ovyo hata ukiwa mutoni. Anasema huwezi kujua, kishada kilipokuwa kinaiva pale labda punje moja ilianguka. Punje moja! Katika ufa! Na kuku anavyopita pale! Mutu muzima na ndevu zake, anainama kila baada ya swala kuchungulia nyuma ya jiwe.

Nimemucheka mpaka nimechoka. Leo alfajiri, kabla hajaamka, nimemujazia birika mbili.